Mwalimu Mkuu Niliyemfungia Geti

Mwalimu mkuu ninayemzungumzia hapa nilimfukuza mimi. Naliweka hilo mbele kabisa kwa sababu najua wapo watu wa Mitunguu watakaosoma na kusema mzee huyu anajifanya alikuwa rafiki yake. Sikuwa. Nilinunua kufuli kwa mkono wangu, nikaifunga kwenye geti la shule asubuhi na mapema, na kabla ya wiki mbili kuisha alikuwa amepakia vitabu vyake kwenye lori la kubebea ndizi na kwenda zake. Lori lenyewe lilikuwa langu. Alilikodi kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kumbebea, na mimi sikukataa.

Jina lake sitaliandika. Kwetu hakuna aliyelitumia. Wanafunzi, walimu, wapishi, hata chifu, wote walimwita Madam, na ukitaja Madam popote kati ya Nkubu na soko la Mitunguu, watu walijua ni yupi, ingawa walimu wa kike hawakukosekana. Alitoka upande wa Embu. Kwao ni wapi hasa, na alizaliwa na nani, sikuuliza, naye hakuniuliza yangu.

Alikuwa mfupi, mzito kuanzia kiunoni kwenda chini, na magoti yake yaligusana akitembea. Uso ulikuwa wa mtu aliyepewa maziwa yaliyochacha na sasa anamtafuta aliyemletea. Alivaa raba za kitambaa mwaka mzima, hata kanisani, na sababu haikuwa magoti. Raba hazisikiki. Mwalimu angekuwa ameketi juu ya meza akiwapigia watoto hadithi za mpira, kisha angeona macho yao yakihamia mlangoni, na hapo alijua siku yake imeharibika.

Hakupaza sauti. Nilikaa naye kwenye bodi miaka mitano na sikuwahi kumsikia akipiga kelele. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyoishusha sauti, hadi ukajikuta umeinama mbele kama mtu anayeungama, unatega sikio ulipate vizuri tusi lako mwenyewe.

Na mimi nijieleze kidogo, ili ujue aliyekuwa mbele yake. Niliishia darasa la nne. Kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia nyama na maandishi ya magunia ya mbolea, na leo naandika bila kumwomba mtu. Nilianza na migomba michache ya kupewa na mjomba, nikafika malori mawili, moja la Nairobi na moja la Gakoromone, soko la karibu. Watu wa chini kule hawampi mtu uongozi kwa vyeti. Walinifanya mwenyekiti wa maji, na kutoka hapo wakanifanya mwenyekiti wa bodi ya shule, kwa sababu madawati nusu nilikuwa nimeyatoa mimi.

Madam alipofika, shule yetu ya kutwa ilikuwa mahali pa kuweka watoto hadi wakue. Walimu walishuka kwenye bodaboda saa mbili, wakanywa chai hadi saa tatu, na saa saba walikuwa sokoni. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Wiki ya pili aliitoa birika ya walimu kwenye ofisi yao, akaiweka juu ya meza katikati ya uwanja, juani, akasema chai itanywewa saa nne, na anayeitaka aje na madaftari ya darasa zima yakiwa yamesahihishwa. Jua la Mitunguu unalijua. Chai haikupoa, lakini walimu walipoa.

Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, kijana wa suti na shahada. Madam aliingia darasani mwake, akaketi nyuma kwenye dawati la mtoto, akasikiliza nusu saa, kisha akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, sijaelewa."

Kijana akaeleza tena.

"Bado."

Akaeleza mara ya tatu, jasho limemtoka hadi kwenye tai. Madam akageuka kwa watoto. "Nani mwingine hajaelewa?" Mikono ikapanda darasa zima, pamoja na ya wale waliokuwa wameitikia ndiyo mwalimu dakika moja kabla.

"Umefundisha ubao," akamwambia palepale, mbele yao. "Sasa anza na watu."

Kijana yule alilia kwenye choo cha walimu. Mpishi ndiye aliyemsikia, na kufikia jioni soko lote lilijua. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na mwalimu wa hesabu wa kumfikia pande zile zote, na hajamsamehe mpaka leo. Namjua, ni mteja wangu. Ukimtajia Madam anatema mate kando. Lakini nenda usimame nje ya dirisha lake akifundisha, utamsikia akiuliza, "Nani mwingine hajaelewa?"

Kwa mambo ya msiba hakuwa na moyo. Baba ya mwalimu wa kemia alipofariki, walimu walitaka kufunga shule siku mbili waende wote kuzika, kama ilivyo desturi. Alikataa. Alimruhusu mfiwa, na mwenzake mmoja wa kumshika mkono. "Marehemu hana mtihani Novemba," alisema. Maneno hayo yalifika matangani kabla ya jeneza. Mimi nilikuwa nimekaa pale na wazee wenzangu yalipofika, na nakumbuka jinsi uji ulivyosimama mikononi mwa watu. Wakati huo huo Madam, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, alikuwa darasani akifundisha kemia kwa kusoma kitabu cha mfiwa. Alikosea. Jumatatu iliyofuata akasimama mbele ya shule nzima, akasema amekosea wapi.

Hiyo Jumatatu lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha.

Kila Jumatatu, baada ya maombi na bendera, watu wazima wa shule walisimama mbele, mmoja mmoja, na kutaja jambo moja walilokosea wiki iliyopita. Madam alianza. Walimu wakafuata, halafu mpishi, halafu mlinzi. Wanafunzi walikuja mwisho, na wao kwa kupenda. Unasema kosa, unasema lilikupata vipi, unasema utafanya nini, unarudi mahali pako. Kucheka ilikuwa marufuku, isipokuwa mwenye kosa acheke kwanza.

Nilikuwepo siku ambayo mpishi alisimama na mwiko bado mkononi. "Watoto, ile Alhamisi mlikula maharagwe kama mawe. Si gesi. Si kuni. Nilikuwa kwa simu na dada yangu anayeolewa, nikasahau kuloweka." Akacheka, na shule ikacheka. Kisha msichana mdogo wa kidato cha kwanza akaenda mbele, akasema, "Nilimwambia mwalimu nimeelewa hesabu za sehemu. Sikuelewa hata moja." Madam alimtazama msichana yule kwa uso ambao sikuwahi kuuona tena kwake. Ningeuita upole, kama angekuwa mtu mwingine.

Mimi niliona ni uchafu. Mtu mzima hasimami mbele ya watoto wa watu kujivua nguo. Nilimwambia hivyo ofisini, akajibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Mwenyekiti, mtoto hawezi kuuliza swali mahali ambapo wakubwa hawakosei."

Fimbo aliipiga marufuku. Watu wakasema watoto wataharibika. Badala ya kuharibika, wakaanza kusumbua barabarani. Lori langu lilisimamishwa jioni moja na wasichana wanne wenye sare, nikadhani kuna ajali. Walitaka kujua ninatazama nini kwenye mkungu hadi nikajua umekomaa, na kama ni kweli zile pembe za ubavuni mwa ndizi hupotea au ni macho yangu tu. Nikawaambia watoke barabarani. Wiki iliyofuata Madam akaniita. Akanipa chaki.

"Dakika arobaini," alisema. "Kidato cha tatu. Wafundishe."

"Mimi ni wa darasa la nne, Madam."

"Kwa ndizi una digrii. Ingia."

Niliingia na mikungu mitatu, mmoja mchanga, mmoja tayari, mmoja uliopitiliza. Nikawaonyesha jinsi pembe za ndizi zinavyojaa, jinsi ua la mwisho linavyokauka na kukatika ukiligusa, kwa nini mkungu wa lori la Nairobi unakatwa mapema kuliko wa Gakoromone. Waliandika. Waliinua mikono. Binti yangu Kanana alikuwa safu ya pili, akinitazama kama mtu aliyeletewa baba mpya. Mwisho wakasimama wote wakasema asante mwalimu. Nililala siku hiyo nikijiona mrefu. Nakiri hilo, kwa sababu aliyenipa siku hiyo ndiye niliyemtoa.

Sasa ubaya wake, na mwingi ulikuwa wa kweli. Alikuwa mwepesi kudharau. Mama aliyechelewa mkutano kwa sababu ya mbuzi wake aliambiwa aende akamwandikishe mbuzi shuleni. Mheshimiwa mmoja alikuja na magari matatu kuwahutubia watoto kabla ya kura, akaambiwa watoto wako kwenye somo, akitaka kuzungumza nao achague somo moja afundishe. Tulicheka, lakini barabara ya lami tuliyoahidiwa iliishia kwenye duka la kona na hadi leo imeishia hapo. Mlinzi wa kwanza, mtu mwenye watoto sita, alimfuta kazi kwa kosa la kutafuna muguka, yale majani ya kuondoa usingizi, getini. Alipekua hata mifuko ya makoti ya walimu.

Na mwenyewe alivuta ugoro. Marehemu mama yangu aliuza ugoro sokoni, ndiye aliyeniambia, akicheka hadi machozi. "Yule mwalimu wenu wa Embu? Ni mteja wangu. Anapenda ule mkali, wenye magadi mengi." Aliuficha ndani ya boksi la chaki, kwenye kabati la ofisi. Kosa hilo halikusomwa hata Jumatatu moja. Nililiweka moyoni, likakaa humo kama panga kwenye dari.

Kuhusu Kanana. Ni binti yangu, na nina vijana wawili juu yake. Kwetu chini, mvua si ya kutegemea. Maji hutoka mtoni juu kwa mabomba, na kila laini ya mashamba ina zamu yake. Zamu ikifika lazima mtu awe kwenye valvu, afungue, ahamishe mipira ya kunyunyizia kutoka mstari hadi mstari. Usipokuwepo, jirani anaimeza zamu yako na huna wa kumshtaki. Vijana wangu ukiwapa maji walilala chini ya migomba. Kanana hakulala, hakuongopa, hakumwachia jirani hata ndoo. Zamu yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa, kutoka saa moja asubuhi hadi saa saba. Siku hizo hakwenda shule. Nilikuwa nikimsifu mbele ya watu: huyu ndiye mtoto wangu.

Madam alikuja nyumbani kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo, na rejista kwapani. Kanana alituletea chai. Madam hakuigusa. Kukataa chai kwa nyumba ya mtu, kwetu, ni kumtemea.

"Mwenyekiti, hii ni rejista ya kidato cha tatu. Uliwahi kuitazama?"

"Rejista ni kazi yenu."

"Jumanne hawa tisa hawapo. Ijumaa, haohao tisa. Jumatano na Alhamisi ni wengine. Nilidhani ni malaria. Nikauliza wanakaa wapi. Kila kundi linakaa laini moja ya maji."

"Maji yana zamu."

"Zamu zinapangwa na nani?"

Alijua zinapangwa na nani. Mwenyekiti wa maji ni mimi.

"Laini zenye watoto wa shule zipe jioni," alisema, "au Jumamosi. Mpango wa karatasi moja."

"Maji ya jioni hayafiki huku chini. Wa juu wanayamaliza."

Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba maji ya asubuhi ndiyo yenye nguvu, na mimi, nikipanga, niliipa laini yangu maji yenye nguvu. Hiyo nusu sikuisema.

"Kanana anakosa siku mbili kila wiki na bado ni wa tano darasani," Madam alisema. "Sijawahi kupata kichwa kama hicho cha hesabu katika shule hii."

"Basi hakuna alichopoteza."

Hapo sauti yake ikashuka. Nikainama. "Mwenyekiti, wewe huna binti hapa. Una valvu yenye miguu."

Kanana alikuwa bado amesimama mlangoni na sinia. Alisikia. Sikumtazama usoni, kwa hiyo siwezi kuwaambia uso wake ulisema nini.

Madam akasimama. "Jumatatu njoo usimame kama sisi wengine. Useme zamu ulizipanga wewe, zilikosea, na utazibadilisha. Watoto wakusikie wewe mwenyewe."

"Nisimame mbele ya watoto?"

"Mpishi husimama."

"Mimi si mpishi wako."

"Ndiyo," alisema. "Yeye nimemwajiri."

Jumatatu sikwenda. Nilikwenda kwa wazazi. Kumpiga Madam vita ilikuwa kazi rahisi sana, kwa sababu kila nyumba niliyoingia ilikuwa na kidonda chake tayari: mwenye mbuzi, mke wa mlinzi, ndugu za yule marehemu asiye na mtihani. Wengine sikuhitaji hata kuwauliza. Kwa watu wa kanisa nilitoa ule ugoro. Kwa waliobaki nilisema ni mtu wa Embu, arudi kwao akawadharau wenzake. Hilo la mwisho ndilo lililoshika moto kuliko yote, na ndilo lililokuwa na maana ndogo kuliko yote, kwa sababu mimi nauza ndizi Embu kila wiki na nakula kwao.

Tulifunga geti siku ya Jumatano, kwa matawi na nyimbo. Madam alifika saa yake ileile, akaitazama kufuli, akaitazama mikono yangu. Hakubishana na mtu. Alitoa chaki, akaandika somo kwenye bati la geti, na watoto wakaketi barabarani kwenye vumbi, madaftari magotini. Siku hiyo alifundisha hapo hadi saa kumi, sisi tukiimba juu ya kichwa chake. Alhamisi vivyo hivyo. Walimu waliomchukia walikuja wakagawana ukuta wa shule, kila mmoja akifundishia kwenye kipande chake.

Ijumaa Kanana naye alikuja akaketi. Zamu ilikuwa imefika, mipira ilikuwa imelala shambani, na binti yangu alikuwa barabarani na kalamu. Nilipita katikati ya watoto, nikamshika mkono, nikamwinua mbele ya wenzake. Hakuvuta mkono. Kalamu ilianguka akainama kuiokota, nikamvuta kabla hajaifikia. Madam aliacha kuandika. Alisema neno moja tu, jina la mtoto, kwa sauti ile ya chini, na sisi wawili tukalisikia. Kanana alikwenda na mimi. Maji yetu tuliyapata, karibu yote.

Barua ya uhamisho ikaja. Mkuu mpya alikuwa mwanamume mpole, aliyeniita mzee wetu na kunipa kiti chenye mto. Birika ilirudi ndani. Jumatatu zikabaki na maombi. Hakuna aliyenijia na rejista, na Kanana alikosa Jumanne na Ijumaa hadi akamaliza kidato cha nne, kisha matokeo yakaja na D. Mwaka uliofuata akapata mtoto wa kike, baba wa mtoto akapotelea Nairobi, na Kanana akabaki kwangu kwenye valvu. Kumi na tano, kumi na sita, miaka ikaenda. Shamba langu halikuwahi kukauka. Wapita njia hulisifu.

Mwaka huu mtoto wa Kanana amefika sekondari. Kompyuta ya serikali ikampangia shule yetu. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani akasema wamefundishwa masomo mawili, wiki nzima. Wavulana wanacheza karata nyuma ya maabara, na maabara imefungwa kwa sababu ufunguo ulipotea. Kanana alisikiliza akiosha vyombo. Akakausha mikono, akaja akasimama mbele ya kiti changu.

"Baba, huyu hatasoma hapo."

"Atasoma wapi?"

"Kwa Madam. Yuko Runyenjes, kwao Embu, shule ya wasichana ya bweni. Amebakisha miaka miwili astaafu."

Sikuuliza amejuaje. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake yote kuniambia jambo litakuwa, bila kuniuliza.

Tukaenda na pikapu, mimi, Kanana na msichana. Nilibeba mkungu mmoja, mzuri kuliko yote ya msimu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Mtu kama mimi hajazoea kukiri, kwa hiyo niliyapanga kama mtu anayepanga matofali, nikiyapima. Nilikosea zamu. Nilikosea geti. Nilikosea kukuvunjia heshima. Tulipita mashamba ya chai, ukungu ukiwa umeshika milima, na mimi nilikuwa tayari.

Niliwaacha kwenye gari, nikaingia ofisini na mkungu wangu. Ni mimi nitakayezungumza, nikasema.

Amezeeka vibaya. Mgongo umepinda, nywele nyeupe, jicho moja lina maji. Hakusimama. Hakunionyesha kiti, lakini kilikuwepo, nikaketi.

"Mwenyekiti."

"Habari za siku nyingi, Madam."

"Ni nyingi. Umeleta nini?"

Nikamweleza habari ya mjukuu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Shule yenu ina kasoro gani?"

"Si unaijua."

"Siijui. Mimi nilitolewa, wewe ukabaki nayo. Nieleze."

Nikamweleza. Karata, ufunguo wa maabara, mwalimu anayeuza nguo kwa simu darasani. Kila niliponyamaza alisema, "Na nini kingine?" Kwa sauti ileile, nami nikiinama. Nilipomaliza, nikashusha pumzi nikaanza yale ya njiani. "Madam, mimi ile siku ya geti..."

Akainua kiganja. "Hapana. Hilo lilikuwa na siku yake. Sitaki kulisikia sasa, na hulisemi kwa ajili yangu. Unalisema upate nafasi."

Mimi ni mtu wa kujibu. Nikautazama mkungu wangu sakafuni.

"Mama ya mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwa gari."

"Yeye ndiye mzazi na yuko kwa gari?"

"Nilisema nizungumze mimi."

"Umezungumza maisha yake yote. Mwite. Na wewe ukae nje."

Nikamwita Kanana. Aliingia na msichana, mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la wageni, kwenye baridi ile ya Runyenjes inayoingia hadi kwenye meno. Walikaa saa moja na zaidi. Katikati nilisikia mtu akicheka ndani, kicheko kirefu cha mwanamke, na ilinichukua muda kujua kwamba ni binti yangu. Sikuwa nimewahi kukisikia hicho.

Alipotoka, Kanana alikuwa peke yake, na karatasi mkononi.

"Amepata nafasi?" nikauliza.

"Amepata. Ameenda kuonyeshwa kitanda." Akaikunja karatasi mara mbili. "Na mimi nabaki, Baba."

"Unabaki kufanya nini?"

"Jikoni kuna kazi. Jioni nitasoma. Nitarudia mtihani wa kidato cha nne kama mtu wa nje, hesabu kwanza. Tulishazungumza na Madam kwa simu, tangu Krismasi."

"Na shamba?"

"Una vijana wawili."

"Kanana, wale ni watu wa kulala."

"Utawaamsha," alisema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

"Nguo zako hujabeba."

Akanitazama, kwa huruma kidogo. Akaenda nyuma ya pikapu, akatoa begi la msichana, kisha begi la pili nililokuwa nimelipakia kwa mikono yangu nikidhani nalo ni la msichana.

Madam alikuwa amefika mlangoni, ameshika fremu. "Ndizi nimezipeleka jikoni," alisema. "Nzuri. Siku ya wazazi usije, mzazi wa huyu mtoto tunaye hapa." Akageuka akaingia, na Kanana akamfuata, begi begani, bila kuangalia nyuma.

Nikaingia kwenye gari. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alikuja dirishani na kitabu cha wageni.

"Mzee, hapa naona mliingia watatu."

"Tuliingia watatu."

"Wenzako wanatoka saa ngapi? Lazima nijaze hapa."

Nikatazama kidole chake kwenye mstari ule mtupu.

"Andika hawatoki," nikamwambia, na nikawasha gari.